Nani Anamwogopa Nani Ndani ya Nyumba

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulibaini kwamba asilimia 34 ya wanawake wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na kwa wanaume ni asilimia 27. Wapo wanaoona pengo hilo ni dogo, wakahitimisha kuwa mume na mke wanaumizana sawasawa. Hapo wanateleza, kwa sababu hesabu hiyo inajumlisha kipigo cha mtu yeyote, awe mzazi, mwalimu au mlevi wa baa, na kwa mwanamke mpigaji huwa mara nyingi ni yule anayelala naye kitanda kimoja. Walioandamana Januari 2024 kupinga mauaji ya wanawake wana sababu ya kuhofia kwamba kauli ya "hata wanaume wanapigwa" hutumiwa kuwanyamazisha.

Hofu hiyo, hata hivyo, haifuti maumivu ya mwanamume. Anayefika kituoni akiwa na sikio lililovimba na shati lililochanika, akiomba fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, anaweza kupokewa kwa kicheko. Ataambiwa amekaliwa na mkewe, atatajiwa mizaha ya wanaume wa Nyeri wanaosemwa kupigwa na wake zao, kisha atarudi kulala kulekule alikotoka. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani haimbagui mwathiriwa kwa jinsia, na inahesabu pia vitisho, ukatili wa kiuchumi na kumwandama mtu.

Hali ya wapenzi wa jinsia moja ni ngumu zaidi. Kanuni ya Adhabu inatishia kifungo cha hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Mtesaji basi hahitaji ngumi, anamwambia mwenzake, "Nenda polisi, nami nitamtumia mama yako picha zetu." Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba kumkinga huyu anayeteswa ni kuhalalisha uhusiano wenyewe. Siidharau imani yao, lakini amri ya kumzuia mtu asimkaribie mwenzake haibariki mapenzi yao, inauzuia mkono.

Alama za mwilini pekee hazitoshi kuamua nani anamtesa nani. Mke anayekabwa koo humkwaruza mume usoni, na asubuhi wote wawili wana majeraha ya kuonyesha. Afisa wa dawati la jinsia la polisi angeanza kwa kuuliza, kila mmoja akiwa peke yake: nani anaishika simu ya mwenzake, nani anaijua namba ya siri ya M-Pesa ya mwingine, na nani huacha kuzungumza anaposikia lango likifunguliwa.