Mtoto Anayekulia Chomboni: Tuogope Bahari au Upweke?

Aprili 2014 askari wanne wa uokoaji wa Marekani waliruka kwa parachuti katikati ya Pasifiki, kama maili 900 kutoka Meksiko, kuifikia mashua ya matanga iitwayo Rebel Heart. Ndani mlikuwa na mume, mke na binti zao wawili, mmoja wa miaka mitatu, mwingine wa mwaka mmoja. Huyu mdogo alikuwa mgonjwa na dawa zilizokuwemo hazikumsaidia. Mashua nayo ilikuwa ikivuja. Siku chache baadaye meli ya kivita, USS Vandegrift, iliwachukua wote. Mashua ile, ambayo ndiyo iliyokuwa nyumba yao, ikaachwa izame.

Lawama zilianza kabla hata hawajafika nchi kavu. Wazazi gani hawa? Na gharama alipe nani?

La gharama halinisumbui. Sheria ya bahari inamtaka nahodha yeyote amwokoe aliye hatarini, bila kumuuliza kilichompeleka huko. Tukianza kuchagua nani anastahili kuokolewa, atakayefuata kuachwa majini ni mvuvi maskini.

La malezi ndilo zito. Wanaoishi hivi, yaani familia zinazolea watoto ndani ya mashua za matanga, wana hoja za kweli. Mtoto wa chomboni hujifunza kusoma mawingu, kufunga mafundo na kutumia maji ya kunywa kwa kipimo. Baba na mama anawaona mchana kutwa, si usiku tu wakiwa hoi. Masomo yapo: Ufaransa ina taasisi ya serikali ya elimu ya masafa, CNED, na familia nyingi za baharini huitegemea. Hawaendi kiholela pia. Msimu wa vimbunga vya Karibi unapoanza mwezi Juni, wengi huwa wameshashuka kusini hadi Grenada, ambako vimbunga hufika mara chache.

Lakini Julai 1, 2024, kimbunga Beryl kiliipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada hiyohiyo, na mashua zilizokuwa zimejificha kwenye mikoko ya Tyrell Bay zikavunjika. Wapo wanaojibu kwamba hata barabarani watu hufa. Jibu hilo halinitoshi. Ajali ya barabarani mara nyingi ina hospitali ya kukimbilia, ilhali kutoka Meksiko hadi visiwa vya Marquesas, katikati ya Pasifiki, ni wiki tatu au zaidi za maji matupu.

Hata hivyo, kuna watu wanaonizuia kusema kwamba bahari si mahali pa mtoto. Wasama-Bajau, katika bahari iliyo kati ya Ufilipino, Malaysia na Indonesia, wamezaliana vizazi kwa vizazi ndani ya mashua ziitwazo lepa. Ila lepa hazikuwa zikitanga moja moja. Jamaa walitia nanga pamoja, bibi yuko mashua hii, shangazi ile, na mtoto akiugua au mama akichoka palikuwa na mikono mingine. Kwa hiyo kipya si mtoto kuishi majini. Kipya ni mtoto kuishi majini na watu wazima wawili tu, ambao mmoja akiugua, chombo na watoto vyote vinabaki kwa mwenzake.

Familia nyingi zimeshaliona hili. Kila majira ya baridi mamia ya mashua hukusanyika George Town, Bahamas. Watoto wanatafutana ufukweni, na wazazi wengine wanapanga kuondoka pamoja. Hapo mimi nina amani: kisiwa hadi kisiwa, na jirani akionekana. Kuvuka bahari kuu na mtoto wa mwaka mmoja ningesubiri, hata miaka miwili.

Kinachobaki kuniuma ni mtoto wa chomboni aliyefika miaka kumi na mitatu. Kila rafiki anayempata anaondoka na upepo, na yeye hana njia ya kushuka. Aulizwe kila mwaka, peke yake, kama anataka kuendelea. Akisema hapana, wazazi wawe tayari kuiuza mashua.