Miguu Isiyotulia Usiku Si Baridi Yabisi

Mtu akilalamika kuwa miguu inamtambaa usiku, Unguja na Pemba jawabu lipo tayari: baridi yabisi, achuliwe mafuta ya karafuu. Mafuta yenyewe hayana ubaya. Ubaya ni miezi inayopita kwenye kuchua huku sababu haijatafutwa.

Maradhi haya ya miguu isiyotulia yana alama zake. Mtu hushikwa na hamu isiyozuilika ya kuchezesha miguu. Humjia akitulia, kitandani au ndani ya boti ya Pemba. Hupungua akiinuka kutembea. Na jioni na usiku ndiyo huzidi. Msuli uliokaza ni jambo jingine, maana shavu la mguu huwa gumu na kuuma. Ganzi ya kisukari nayo haiondoki kwa kutembea.

Kwangu mimi, cha kutazamwa kwanza ni madini ya chuma. Ubongo ukipungukiwa na chuma, kazi ya dopamini, kemikali inayoongoza mwendo, huvurugika. Wengi hupimwa wekundu wa damu, wakaambiwa wako sawa, basi. Wekundu unaweza kuwa sawa na akiba imekwisha! Omba kipimo cha ferritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, asubuhi kabla ya kula. Kwa mtu mzima mwenye dalili hizi, ikiwa maikrogramu 75 kwa lita au chini yake, kwa kawaida hupewa chuma, hata kama karatasi ya maabara inasema 40 ni salama. Homa au uvimbe mwilini huipandisha kwa uongo, kwa hiyo subiri upone.

Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi kama miligramu 65. Humezwa kimoja kwa siku, au siku moja unameza na ya pili unapumzika, tumbo tupu, kwa maji ya ndimu au machungwa. Chai, maziwa na dawa za kiungulia vikae mbali saa mbili. Wanaokimeza na chai ya maziwa hupoteza sehemu kubwa. Choo kitakuwa cheusi, usishituke. Pima tena baada ya miezi 3, na usimeze bila kipimo, kwani chuma kikizidi hudhuru ini. Tena daktari aulize chuma kinapotelea wapi: safura, kichocho, hedhi nzito, kidonda cha tumbo.

Mjamzito dalili humzidi miezi mitatu ya mwisho, na mara nyingi hupoa akishajifungua.

Kahawa ya barazani baada ya Isha iachwe. Na Piriton, ambayo watu humeza ili walale, huzidisha miguu. Vivyo hivyo promethazini ya mzio, amitriptilini ya sonona na metoklopramidi ya kutapika. Uliyoandikiwa na daktari usiikate bila kumuuliza.

Pramipekisoli, dawa inayoiga dopamini, hutuliza mwanzoni, kisha kwa wengi dalili huanza kuwahi, alasiri hata mchana, zikapanda mikononi, na kuongeza dozi kunazidisha. Ndiyo maana siku hizi gabapentini, dawa ya mishipa ya fahamu, hutangulizwa. Mwenye figo mbovu hupunguziwa dozi yake, kwa sababu dawa hii hutolewa na figo.