"Jikaze" Si Dawa, Jamani

Hivi nani kawaambia watu kwamba mwenye ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya umakini na utulivu kuwa mgumu kuudhibiti, anasubiri tu kuambiwa "jikaze" ndipo ubongo utulie? Ingekuwa dawa, si tungepona tangu darasa la kwanza?

Ukichelewa kikao cha harusi, una dharau. Ukimkatiza mjomba, hukulelewa. Usipomjibu shangazi, umepata hela unaringa. Hela gani? Ujumbe wake niliusoma na nikaujibu vizuri kabisa, kichwani! Ukitikisa mguu msibani, mama wa pembeni anakukazia macho mpaka marehemu anakuonea huruma. Na siku ukishinda unatengeneza redio mbovu toka asubuhi hadi jioni, hata kula hukumbuki, hapo ndipo wanapokukamata: "Kumbe ukitaka unaweza!" Wapendwa, hali yenyewe ndivyo ilivyo. Umakini upo, tatizo ni usukani.

Halafu yupo mjuaji: "Mambo ya kisasa hayo, zamani hayakuwepo." Hayakuwepo? Daktari George Still aliwahutubia wenzake London kuhusu watoto wasiotulia mwaka 1902! Huku kwetu wakiitwa watundu, wakichapwa, basi, kesi imeisha.

Mwingine: "Hata mimi husahau funguo." Sawa, ndugu yangu. Je, unasahau funguo, simu, chai jikoni na jina la mgeni unayemtambulisha, yote kabla ya saa tatu asubuhi?

Wenzangu mnaojua, njooni tuanzishe chama. Atakayechelewa mkutano hatamwona mtu, maana wote tutakuwa njiani.