Mgeni Haingii Chumbani

Mwaka jana niliweka kwenye tableti ya nyumbani programu ya kuwadhibiti watoto. "Mwisho saa mbili," nikatangaza baada ya chakula, nikaandika mbili, nikafunga kwa nywila ambayo hata mamao sikumwambia. Wiki nzima nikajiona baba wa kisasa. Usiku mmoja nikaamka kunywa maji, yapata saa saba na nusu, nikaona mwanga chini ya mlango wa watoto. Mwanangu wa miaka 11 yuko macho kodo, atazama mtu wa nchi ya mbali akifungua maboksi ya vichezeo. Nilipofoka akanijibu kwa adabu zote: "Baba, si ulisema saa mbili? Bado." Akanigeuzia kioo nisome. Saa saba na nusu yangu, kule kwenye tableti, ni moja na nusu. Ile mashine haijui saa ya Kiswahili. Nilikuwa nimewapa ruhusa mpaka saa nane za usiku, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nikarekebisha. Siku tatu baadaye dada mtu, wa miaka 14, akamfundisha nduguye kurudisha nyuma saa ya tableti yenyewe. Hapo nikajua nashindana na watu wenye nafasi kuliko mimi.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu mazungumzo yetu yote ya watoto na skrini yamekuwa ya saa. Mkutano wa wazazi, saa ngapi. Harusini, wanawake kwa wanawake, saa ngapi. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo Aprili 2019: mtoto asiyetimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Kwa watoto wachanga sina la kubisha. Anayempa simu mtoto wa miezi minane ili ameze uji ajue anajifunga mwenyewe. Lakini mwongozo ule ni wa walio chini ya miaka mitano. Sisi tumeuvuta mpaka kwa kijana mwenye sauti nzito, tukadhani tumepata dawa. Mwanangu akikaa saa mbili akisoma kwa nini maji yanakupwa na kujaa pale Makupa, hapa kwetu Mombasa, na saa mbili akitazama watu wazima wakitukanana, mimi nitaziandikaje kuwa ni saa mbili zile zile?

Swali langu siku hizi ni: wapi, na nani yuko karibu.

Intaneti mimi niliijua mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika saiba moja, duka la kukodisha kompyuta, pale Moi Avenue, si mbali na Mapembeni. Tulilipa kwa dakika. Picha ilishuka mstari mmoja mmoja kama pazia lililokwama, na ukingoja ishuke, nyuma yako kuna foleni, ubavuni kuna mtu usiyemjua, na mlangoni kuna mwenye saiba na daftari lake. Kila ulichofungua kilionekana na watu watano. Katika hali ile hata shetani angeona haya. Si kwamba sisi tulikuwa vijana wema, la hasha. Tulikuwa hadharani tu.

Kisha zikaja nyaya za intaneti za chini ya bahari. Waya wa TEAMS ulitua hapa kwetu Juni 2009 ukitokea Fujairah, kule Ghuba, na sherehe ya kuupokea ikafanywa Ngomeni, yaani Fort Jesus. Wa SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huo huo. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo jambo hili nimelifikiri kwa jicho la kazi: ni njia ile ile ya majahazi ya kaskazi, kutoka Ghuba mpaka chini ya ukuta wa Ngomeni. Lakini jahazi lilipofika, kila gunia lilipita forodhani. Huu mzigo mpya umekuja ukapita moja kwa moja mpaka chini ya chandarua cha mtoto.

Na sisi watu wa Mombasa, jamani, ndio tuliokuwa mabingwa wa forodha ya nyumbani. Nyumba ya Mji wa Kale alikozaliwa mamangu ilikuwa na baraza nje. Muuza samaki aliishia mlangoni. Rafiki wa babu aliishia barazani na kahawa akaletewa pale pale. Mtu wa ukoo alikaribishwa ukumbini. Vyumbani ni wenyewe tu, na aliyevuka pazia alikuwa na sababu inayojulikana. Babu angeweza kukaa na mgeni kuanzia alasiri mpaka adhana ya Isha, na hakuna aliyehesabu saa. Kilichohesabiwa ni alikokaa. Hodi zilikuwa na ngazi zake, na mtoto wa miaka sita alizijua.

Kompyuta yetu ya kwanza, tuliyoinunua 2011, iliifuata ngazi hiyo bila sisi kukusudia. Ilikuwa kubwa, ina waya kila upande, basi ikakaa sebuleni karibu na televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Aliyetaka kuitumia alitupa mgongo sote. (Ilikufa kwa chumvi. Huku kwetu upepo wa bahari hauna huruma. Baada ya miaka minne kila tundu lake lilikuwa na kutu, na fundi alipoifungua alitikisa kichwa tu.) Ikafuata laptopu, ikafuata tableti, kisha simu za kila mtu na yake. Machi 2020 shule zikafungwa, na wanafunzi hawakurudi wote mpaka Januari 2021. Katikati ya hapo kila mtoto alihitaji pembe yake ya kusomea, na pembe yenyewe ni chumbani. Sikumbuki siku tuliyokata shauri kwamba kompyuta ziingie vyumbani. Ziliingia tu, kama paka.

Baada ya kisa cha saa mbili nikafuta ile programu. Tukafanya jambo moja la kijinga kabisa: tukakusanya chaja zote za vyumbani, tukazichomeka kwenye ekstensheni moja sebuleni, chini ya kidaka cha misahafu. Sheria ni kwamba chenye skrini kinatumika pale na kinalala pale. Sikupiga kelele sana, maana kitu kikiishiwa na chaji hurudi chenyewe. Spika za masikioni nazo nilizikataza, isipokuwa kwa somo, kwa kuwa mtoto aliyeziba masikio amejijengea chumba hapo hapo kwenye kochi.

Mlinzi nikampata bila mshahara. Mamangu, tunayeishi naye, hukaa sebuleni tangu Magharibi na tasbihi yake. Hajui nywila wala programu. Yeye huuliza tu. "Huyo kijana apiga kelele hivyo, hana mamake?" Na mwanangu, ambaye mimi nikisema hanisikii, alianza kubadilisha video kabla nyanya hajauliza. Maana ukishalazimika kumweleza nyanya kwa nini mtu mzima anajimwagia ndoo ya mchuzi, utamu wake unakwisha.

Lakini haikuwa ulinzi tu. Jioni moja nyanya akasema, hebu nitafutieni picha za Mombasa ya zamani. Wakatafuta. Ikatokea picha ya majahazi, imeandikwa kwamba ni Lamu. Nyanya akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Lamu wapi! Hapa ni bandari yetu ya kale, na nyumba ile tulikuwa twauziwa ubani." Wakabishana naye, wakafungua picha nyingine kupatanisha, madirisha kwa madirisha, mpaka wakamkubali. Ile ilikuwa saa moja na nusu ya skrini, ukipenda kuhesabu.

Binti yangu hakufurahi, na hoja yake ni nzito. "Baba, waniamini au huniamini? Mimi kuzungumza na wenzangu mbele ya watu wote ni sawa?" Sikuwa na jibu la haraka. Msichana wa miaka 14 ana siri zake za halali, na mimi umri huo nilikuwa nazo. Tofauti ni kwamba zangu nilizinong'ona na jirani ninayemjua mpaka kwao. Tukapatana: sauti ya simu apokee popote, hata juu darini akitaka. Skrini irudi sebuleni, na ujumbe wake sisomi. Mwenzangu mmoja wa kazini aliniambia huo ni ulegevu, yeye husoma simu za watoto kila Ijumaa. Mimi sitaki. Mtoto akijua husomwa hujifunza kufuta, na akijua kufuta umempoteza kwa mambo mengi.

La pili alilolisema lilinichoma zaidi. "Na wewe?"

Mimi nilikuwa nalala na laptopu. Kazi ya forodha siku hizi yote iko mtandaoni. Hati ikikwama usiku unainuka kuisukuma, na nilikuwa naisukuma kitandani, mke wangu amenipa mgongo. Basi ikabidi na yangu ihamie pale chini ya kidaka. Wiki ya kwanza nilitoka chumbani mara tatu usiku kwenda kuitazama, kwa nyatunyatu, kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Mara ya tatu nikamkuta mke wangu naye yuko pale, amekuja kutazama oda za mahamri za asubuhi. Tukatazamana, hakuna aliyesema neno.

Sasa yapata miezi saba. Mwanangu amezoea. Binti bado ananuna siku za Jumamosi. Juzi lakini ameniletea kesi mpya, tena kwa furaha isiyofichika: kuna mtu analala na simu chini ya mto, asikiliza ujumbe wa sauti wa jamaa walioko Muscat mpaka saa tano za usiku, na chaja yake ameificha ndani ya sanduku la nguo. Ni nyanya.

Kesi hiyo bado sijaikata.