Kusi, Povu na Mng'ao: Setilaiti Huiona Bahari Yetu Siku Zipi?

Ramani za klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, zinazotumika kukadiria wingi wa mimea midogo inayowalisha dagaa na vibua katika Mkondo wa Pemba, huchorwa kutokana na mwanga unaotoka ndani ya maji. Mwanga huo ni takriban sehemu moja tu katika kumi ya ule unaokifikia kihisi cha setilaiti. Uliobaki umetawanywa na hewa au kuakisiwa na uso wa bahari. Kwa hiyo kosa la asilimia 1 katika jumla yote huweza kuwa kosa la asilimia 10 katika kile kinachotafutwa. Hapo ndipo wataalamu wanapotofautiana: siku ambazo uso wa bahari umechafuka au unameremeta, vipimo vitupwe au virekebishwe?

Wanaotaka vitupwe wana hoja nzito. Upepo unapofikia kasi ya mita 6 au 7 kwa sekunde, mawimbi huanza kuvunjika kwa wingi na kuacha povu, na povu hilo halitulii: likiwa jipya hung'aa mno, na baada ya sekunde chache hufifia. Tena si jeupe sawasawa, kwani huakisi kidogo zaidi katika mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao ndio unaotegemewa kupima vumbi na ukungu wa angani, hivyo kosa la povu hujipenyeza hadi katika hesabu ya hewa. Kasi ya upepo inayotumiwa kulikadiria haipimwi na kihisi chenyewe. Huletwa na modeli za hali ya hewa, yaani hesabu za kompyuta zinazoigawa ramani katika visanduku vyenye upana wa makumi ya kilomita. Kila mvuvi wa Unguja anajua kwamba Kusi linapovuma Makunduchi huchafuka wakati upande wa Mjini umekingwa na kisiwa, lakini kisanduku kimoja cha modeli huweza kuzimeza pande zote mbili.

Mtu angedhani basi kwamba shwari ndiyo dawa. Sivyo. Mwaka 1954 watafiti Cox na Munk, wakitumia picha zilizopigwa kutoka ndege karibu na Maui, Hawaii, walionyesha kwamba mng'ao wa jua hutanuka kadiri upepo unavyoongezeka, kwa sababu miinamo ya mawimbi huwa mingi. Upepo ukitulia, mng'ao hujikusanya mahali padogo, ukawa mkali kiasi cha kuifuta picha hapo. Zanzibar, iliyo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hupata jua la utosini mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na ile ya Machi huangukia karibu na maleleji, Kaskazi linapolegea. SeaWiFS, kihisi cha rangi ya bahari kilichorushwa mwaka 1997, iliweza kuinamishwa nyuzi 20 kuukwepa mng'ao. MODIS, kihisi kingine cha aina hiyo, haiwezi, na ile iliyomo katika setilaiti ya Aqua ilipangiwa kupita kama saa saba na nusu mchana, jua likiwa bado juu.

Wanaotaka kurekebisha husema, kwa haki, kwamba ukitupa picha zenye mawingu, kisha zenye mng'ao, kisha zenye povu, nchi za tropiki hubaki na vipande tu. Mbinu kama Polymer, iliyochapishwa mwaka 2011, hukadiria hewa na mng'ao kwa pamoja badala ya kuziba eneo zima. Mimi naegemea upande huu, ingawa si kwa sababu ya wingi wa picha. Kusi hukoroga maji na kubadilisha virutubisho vinavyopanda juu. Tukizitupa siku zake, wastani wa mwezi wa Julai unakuwa wastani wa siku za upole ndani ya mwezi wa Julai, nao husomwa kana kwamba ni bahari nzima. Kutupa nako ni kosa, ila halionekani kwenye ramani.

Hata hivyo siwezi kuzipa thamani sawa picha zilizorekebishwa. Boya la MOBY, linalotumiwa kusawazisha vihisi hivi, liko Hawaii kwenye maji ya kina na safi, si kwenye mchanga mweupe wa Chwaka ambapo mwanga hugonga chini na kurudi. Na boti ndogo za kupimia hutoka shwari. Nahodha gani atakubali kutoka nje ya mwamba Kusi likiwa kali, ili mtu ateremshe chombo cha kupimia rangi ya maji? Kwa hiyo siku zinazohitaji marekebisho zaidi ndizo ambazo ni vigumu zaidi kuyahakiki, na kila ramani ya msimu wa Kusi ingepaswa kuonyesha, kando ya rangi zake, ni siku ngapi zilizoijenga na upepo wa siku hizo ulikuwa kiasi gani.