Ziwa Halihesabiwi kwa Tani Peke Yake

Kila mwaka tunasomewa tani za samaki zilizovuliwa katika Ziwa Victoria, na kila mwaka tani hizo hupangwa katika mafungu yale yale: sangara, dagaa, sato, furu (samaki wadogo wa ukoo mmoja na sato), na fungu la mwisho linaloitwa "wengineo". Maoni yangu ni kwamba, ukimwondoa dagaa, karibu utajiri wote wa asili wa ziwa hili umo katika mafungu hayo mawili ya mwisho, na kwamba mazoea ya kuyaandika kwa mkumbo yametuwezesha kupoteza samaki aina baada ya aina huku takwimu zikituambia kwamba mambo ni mazuri.

Sangara si mwenyeji. Aliingizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, akaongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na miaka ya 1980 ilipofika alikuwa ameenea ziwa zima. Sato tunayemla kila siku hapa Mwanza naye aliletwa katika miaka ya 1950, akachukua nafasi ya ngege na mbiru, ambao ndio jamii ya sato waliokuwa humu tangu zamani. Mgeni anayeshuka Mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, na kuona sangara na sato waliopangwa hudhani kwamba ameliona ziwa, kumbe, ukiacha magunia ya dagaa, ameona wageni wenzake.

Wenyeji wamo katika "wengineo". Humo yumo kamongo, ambaye hupumua hewa na huweza kujichimbia kwenye matope na kulala humo maji yanapokauka, ingawa wapo watu wasiotaka hata kumwona kwenye sahani. Wamo mumi, hongwe, nembe, kuyu, gogogo mwenye miiba inayomfanya mvuvi amtoe wavuni kwa tahadhari, na domodomo mwenye mdomo mrefu wa kuchokonoa wadudu tope la chini. Yumo pia ningu, ambaye habari zake zinastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu zinavuruga maelezo mepesi kwamba sangara ndiye aliyeharibu kila kitu.

Ningu huishi ziwani lakini huzaa mtoni. Mvua kubwa zinaponyesha na mito kama Kagera na Mara ikafurika, hupanda kwa makundi kutaga mayai kwenye maeneo yaliyofurika, na wakati huo ndipo anapokuwa rahisi kuvuliwa kuliko wakati mwingine wowote. Nyavu zilipotandazwa kwenye midomo ya mito, samaki waliokamatwa walikuwa majike wenye mayai waliokuwa njiani kwenda kuzaa, na wingi wa ningu ulianguka kabla sangara hajatamba. Ngege alipita njia inayofanana na hiyo. Nyavu za makila za kisasa, zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ziliingia ziwani mwaka 1905, na Mwingereza Michael Graham alipofanya uchunguzi wake wa mwaka 1927 na 1928 alimkuta ngege, samaki muhimu kuliko wote kibiashara wakati huo, akiwa tayari amepungua katika sehemu zilizovuliwa sana. Graham huyo huyo alionya kwamba kuingiza samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingine ni hatari kubwa kama utafiti wa kina haujatangulia. Onyo lilikuwepo miongo miwili na zaidi kabla ya sangara kumwagwa ziwani.

Utajiri mkubwa zaidi, hata hivyo, ni wa furu. Watafiti wa jiolojia wameonyesha kwamba ziwa hili lilikauka miaka ipatayo 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya, na katika muda huo, ambao kwa mabadiliko ya viumbe ni mfupi mno, zikatokea aina zaidi ya 500 za furu. Walikuwepo wanaokula tope, wanaoponda konokono kwa meno ya kooni, wanaokwangua mwani kwenye mawe, wanaokula uduvi, wanaokula furu wenzao, na hata wale wanaomlazimisha jike anayelea watoto mdomoni awateme ili wao wawameze. Ghuba ya Mwanza, hii hii ambayo leo tunaivuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, ni mojawapo ya sehemu za ziwa zilizochunguzwa kwa kina zaidi, kwani tangu mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walifanya kazi hapa na wenzao wa Tanzania. Walipoanza, furu ndio waliokuwa sehemu kubwa ya samaki waliokokotwa kutoka chini ya maji, na wengi wao walisagwa kuwa unga wa kulishia mifugo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, furu wa maji ya wazi katika ghuba walikuwa karibu wametoweka, na kwa ziwa zima inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea.

Waliosalimika vizuri zaidi ni wa miamba, ambao Wasukuma huwaita mbipi, kwa kuwa mawe yanayoipa Mwanza sura yake yanaendelea chini ya maji na kuwapa mapango ambayo sangara hawezi kuyaingia. Mmoja wao, dume lenye rangi nyekundu, alipewa jina la kisayansi la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu alipong'atuka. Jike la samaki huyu humtambua dume wa aina yake kwa rangi, na hapo ndipo penye hatari mpya. Mbolea, udongo unaomomonyoka mashambani na majitaka vimeyachafua maji na kukuza mwani, na pale mwanga usipopenya vizuri jike hushindwa kumtofautisha dume mwekundu na dume wa buluu wa aina jirani. Karibu na Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu zaidi, aina hizo mbili zimebaki mbalimbali. Ndani ya ghuba, kwenye maji yenye tope, zimechanganyika. Aina inaweza kupotea kwa namna hiyo bila samaki hata mmoja kuvuliwa.

Hapo ndipo takwimu zetu zinapotudanganya. Sangara alipovuliwa kwa wingi kwa ajili ya viwanda vya minofu, baadhi ya furu, hasa wale wanaokula vijidudu vya majini, walianza kurudi kwenye ghuba katika miaka ya 1990, na wengine walirudi wakiwa wamebadilika chakula na hata umbo la matamvua. Ni habari njema, lakini kwenye karatasi inaonekana tu kwamba tani za furu zimepanda. Aina chache zikizaana sana zinaweza kujaza fungu zima, na afisa anayesoma jedwali hataona kwamba waponda konokono hawamo. Tathmini ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, ya mwaka 2018 ilikuta kwamba kati ya aina 204 za viumbe wa maji baridi wasiopatikana popote nje ya bonde la Ziwa Victoria, asilimia 76 ziko hatarini kutoweka.

Sisemi sangara aondolewe. Hilo haliwezekani, na maelfu ya familia za mialoni, yaani mahali samaki wanaposhushwa, zinamtegemea, kuanzia anayevua hadi anayeuza mapanki, mifupa inayobaki minofu ikishakatwa. Wala simtaki karani wa mwaloni ajue aina 500 za furu, kazi ambayo wataalamu wenyewe huifanya kwa shida. Angeweza, hata hivyo, kuandika ningu, hongwe, kuyu na nembe kila mmoja kwenye safu yake, kwa kuwa wavuvi wote wanawatambua, na kuwagawa furu kwa mahali walipovuliwa, yaani kwenye miamba, matopeni au kwenye maji ya wazi, kisha akapiga picha ya fungu moja kwa simu na kuituma TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Nadhani gharama yake ni ndogo kuliko ya boti moja ya doria.

Nyavu zote nazo zipigwe marufuku kwenye midomo ya mito wakati wa mafuriko. Kuhusu vizimba vinavyoongezeka kandokando ya Mwanza, ambavyo hufugwa humo sato yule wa kuletwa, sioni kwa nini sehemu ya fedha zinazowekezwa humo isitumike kujaribu kuzalisha ngege, ambaye bado yupo hai katika maziwa madogo ya bonde hili, likiwemo Kanyaboli upande wa Kenya. Huenda asikue haraka kama sato, na mfugaji atalalamika. Basi ruzuku ya vifaranga ikitolewa, itolewe kwanza kwa ngege.