Robo ya malimbikizo ni kikomo, si bei

Mtu anayedai mafao ya ulemavu Marekani mara nyingi ameshaacha kazi zamani. Hana cha kumlipa wakili mkononi, ndiyo maana sheria inamruhusu wakili asubiri alipwe kutoka kwenye malimbikizo, yaani fedha za miezi iliyopita ambazo mdai alistahili na hakupewa. Mdai akishindwa, wakili hapati ada. Akishinda, wakili anachukua hadi asilimia 25. Utaratibu huo nauunga mkono. Bila huo, mama aliyeumia mgongo kwenye kiwanda cha nyama asingempata hata wa kumsomea barua ya kukataliwa.

Ninachopinga ni robo hiyo kugeuzwa bei, kana kwamba kila wakili anaistahili yote ilimradi mteja ameshinda. Bunge la Marekani liliiweka mwaka 1965 kwa sababu kulikuwa na mawakili waliokuwa wakichukua theluthi hadi nusu ya malimbikizo ya wateja wao. Iliwekwa kumlinda mlemavu. Hadi leo wakili anayetoza zaidi ya kilichoruhusiwa katika kesi ya mahakamani anatenda kosa la jinai.

Kesi ikiishia ndani ya Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii yenyewe, yaani ofisi ya serikali inayoamua nani apewe mafao hayo, sina ugomvi mkubwa. Kwa makubaliano ya kawaida ya ada, wakili hupata robo ya malimbikizo au kiwango maalumu cha dola, kile kilicho kidogo. Kiwango hicho kilikaa dola 6,000 tangu 2009, kikawa 7,200 mwaka 2022, na Novemba 2024 kikapanda hadi 9,200. Mteja anaweza kujua mapema kabisa kwamba hakitakatwa zaidi ya kiasi gani.

Mambo hubadilika kesi ikifika mahakama ya shirikisho. Huko hakuna kikomo cha dola, kuna robo tu, na jaji ndiye anayepima kama ada ni ya haki. Namna ya kupima ilielezwa na Mahakama ya Juu mwaka 2002 katika kesi ya Gisbrecht dhidi ya Barnhart. Kabla ya hapo baadhi ya mahakama zilihesabu saa za kazi na kuzizidisha kwa kiwango cha kila saa. Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiandika kwa niaba ya wengi, alisema jaji aanze na mkataba wa wakili na mteja, kisha aukague. Kama wakili ndiye aliyechelewesha kesi, ada ipunguzwe. Kama fedha ni nyingi mno ukilinganisha na muda alioutumia, ipunguzwe pia. Na ni juu ya wakili kuonyesha kwamba anastahili.

Mwaka 2022 Mahakama ya Rufaa yenye makao New York ilikubali ada ya dola 40,170 kwa kazi ya saa 25.8. Hiyo ni zaidi ya dola 1,550 kwa saa. Wengi walishtuka. Mimi naielewa hoja ya mahakama ile: wakili mzoefu akimaliza kazi haraka na vizuri, si haki aadhibiwe kwa wepesi wake, na kuna kesi nyingine anazozifanya bure kwa sababu zimeshindwa. Lakini nadhani tukibishana kuhusu saa tunaliacha swali kubwa zaidi: malimbikizo hayo yamekuaje mengi hivyo?

Yanakua kwa sababu mtu amesubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa linaloumia ni tumbo la mlemavu. Chukua mdai anayestahili dola 1,500 kwa mwezi. Akilipwa baada ya miezi 16 ya malimbikizo, anadai 24,000 na robo yake ni 6,000. Mamlaka ikikosea, kesi ikaenda mahakamani, ikarudishwa na kusikilizwa upya hadi miezi ikafika 40, malimbikizo ni 60,000 na robo ni 15,000. Wakili amefanya kazi zaidi, ni kweli. Lakini kosa lilikuwa la serikali, na anayelipia ni yule aliyekopa kodi ya nyumba akisubiri.

Dawa ipo, ni sheria ya mwaka 1980 inayoitaka serikali ilipe gharama za wakili pale ilipokuwa na msimamo usio na msingi wa kutosha. Kiwango chake ni dola 125 kwa saa, kilichowekwa 1996, pamoja na nyongeza ya kupanda kwa gharama za maisha. Wakili akilipwa huko na pia kutoka kwenye malimbikizo kwa kazi ileile ya mahakamani, lazima amrudishie mteja ile iliyo ndogo kati ya ada hizo mbili. Katika mfano wangu, tuseme ada yote 15,000 ni ya mahakamani na serikali imelipa 7,000: hizo 7,000 zinarudi kwa mteja, na anabaki amelipa 8,000.

Ila wakili lazima aombe, tena ndani ya siku 30 baada ya hukumu kuwa ya mwisho. Asipoomba, mteja hatajua kamwe kwamba kulikuwa na fedha za kurudishiwa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: wakili aliyekuwa na sababu ya kuomba na hakuomba, jaji amkate kiasi ambacho mteja angerudishiwa. Wapo majaji wanaofanya hivyo. Iwe kawaida kwa wote, kwa sababu kwenye ombi la ada jaji hana anayempinga wakili kwa dhati. Serikali haitoi senti yake katika robo ile, na mteja anamshukuru aliyemshindia.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani, Louisville, Houston na kwingine, wanaowekewa mbele mkataba wa Kiingereza, ulizeni kabla ya kusaini: kesi ikienda mahakamani, utaiomba serikali ilipe ada, na nitarudishiwa kiasi gani? Ulizeni pia kuhusu gharama za kuchukua rekodi za hospitali, maana hizo hutozwa kando ya ada. Na mtu akiwaambia robo itakatwa kwenye mafao ya kila mwezi yanayokuja, mkatalieni. Ada hii inatoka kwenye malimbikizo tu.